Hobie 16 inazamisha omo kila tukitoka kusi likivuma: tukae wapi, tuhame lini?

TangaMbili_Dar

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua bahari kwa vitendo.

Mimi na mke wangu tulinunua katamarani (chombo cha mitumbwi miwili) ya Hobie 16, ya mtumba, mwaka jana. Tunatokea ghuba ya Msasani, tunakwenda kisiwa cha Bongoyo, na siku nzuri tunafika Mbudya. Kaskazi yote hatukupata shida ya maana. Sasa kusi limekaza na mambo yamegeuka. Tukienda na upepo, mtumbwi wa upande wa chini unazama omo (mdomo wa mbele) ghafla, chombo kinasimama papo hapo, sisi tunarushwa mbele. Wiki iliyopita tulipinduka kabisa, tezi (nyuma ya chombo) ikaenda juu, mlingoti ukapiga maji mbele yetu.

Kurudi sasa, tukiubisha upepo (kwenda kinyume nao kwa mshazari), ni shida nyingine. Chombo kinapanda wimbi, kinaanguka kwa kishindo, kinapanda, kinaanguka, mwendo wote unakwisha. Jumamosi tulichukua karibu saa mbili kutoka Mbudya.

Nimebadilisha kamba zote. Nimekaza mlingoti. Fundi mmoja ananiambia matanga yamechoka, mwingine anasema chombo chenyewe ni chepesi mno kwa kusi. Mimi nina kilo 88, mke wangu 57. Kabla sijatoa hela ya matanga mapya, naomba mnisaidie.

MwanaJambiani

Kaka, pole sana, na tumshukuru Mungu mmerudi wazima. Mimi nafundisha watu Hobie huku pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kabla ya hapo nimekulia kwenye ngalawa ya baba. Usinunue chochote kwanza. Jibu liko kwenye mstari wako wa mwisho.

Hobie 16 ikiwa tupu ina kilo 145 hivi. Wewe na mkeo, 88 na 57, jumla 145. Kwa hiyo nusu ya uzito unaoelea pale ni nyinyi wawili. Nusu ile nyingine ni mitumbwi, mlingoti na matanga, na hiyo imefungwa, haiendi popote. Jahazi la tani ishirini, baharia akitoka omo akaenda tezi halina habari. Hobie ina habari hata ukihamisha goti.

Wazee chombo kikiwa chepesi walitia farumi, mchanga au mawe, na farumi ikishatiwa inakaa. Farumi ya Hobie ni mwili wako, na hii ina macho, inaliona wimbi kabla halijafika. Watu wengi wanaokuja kwangu wanakaa mahali pamoja kutoka ufukweni mpaka kurudi, kama abiria wa daladala, halafu wanalaumu matanga.

Sikia pia chombo chenyewe kilivyo. Aliyekitengeneza, Hobie Alter, alikuwa mtengenezaji wa mbao za kuteleza kwenye mawimbi kule California, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alitaka chombo kinachotoka ufukweni katikati ya mawimbi na kurudi kupanda mchangani bila kuvunja kitu. Ndiyo maana hakina ubao wa kuteremsha chini, na mitumbwi yake imepinda kama ndizi. Umbo hilo linakuwezesha kutua mchangani, lakini lina gharama: kinabembea mbele nyuma kirahisi kuliko katamarani nyingi, na omo zake ni nyembamba, hazina hewa ya kutosha kukuinua zikishazama.

Nianze na kubisha, maana ndiko mnakopoteza saa mbili. Umewahi kumtazama mtu aliyebeba maji kwa mzega? Madumu yako ncha mbili za mti, akikanyaga vibaya kidogo tu mti mzima unabembea na haukubali kutulia. Madumu hayohayo akiyakumbatia kifuani, yanatulia. Naona picha yenu bila kuwa na picha: wewe umekaa kwenye boriti ya nyuma kwa sababu kana (mkono wa usukani) iko huko, mkeo amejishikiza mbele karibu na mlingoti, katikati pana nafasi ya kulaza mtoto. Mmejifanya mzega. Kila wimbi linaanza mbembeo na nyinyi mnauzidisha.

Sogeeni pamoja. Mkeo akae upande wa joshi, kule unakotoka upepo, usawa wa kamba ya ubavuni inayoshika mlingoti. Wewe uwe nyuma yake hapohapo, bega kwa bega. Kana ina kijiti kirefu kwa sababu hiyohiyo, huhitaji kukaa juu ya usukani ili uushike. Nyuma kukiwa kwepesi na mbele kukiwa kwepesi, omo itapanda wimbi upesi na kushuka upesi bila kishindo.

Mkilizoea hilo, ndipo mje kwenye kucheza na wimbi. Litazame likiwa mita kumi mbele. Omo ikianza kupanda, egemeeni nyuma kidogo, muiache ipande. Ikikaribia kileleni, kabla haijatoka hewani, pelekeni vifua mbele wote wawili kwa pamoja. Omo inashuka na mgongo wa wimbi. Mkichelewa, inaning'inia hewani kisha inaanguka, na pale inapoangukia ndipo mwendo unapofia. Ni kuegemea tu, viatu havitoki vilipo. Mtajijua kwa masikio: ukisikia "pu!" chini ya turubai mmechelewa. Ukisikia maji yanachanika kama kanga mpya inayopasuliwa dukani, mmepatia.

Habari ya kwenda na upepo nitaandika usiku, nina wageni majini saa hii.

Kapera_wa_Ziwa

Mkuu MwanaJambiani, heshima kwako, ila hapo kwenye kucheza na kila wimbi naomba nikupinge kidogo. Niko Mwanza. Mawimbi ya Ziwa Victoria upepo ukichafuka ni mafupi na yamesimama, moja halijapita jingine limeshafika. Nilijaribu hiyo ya mbele nyuma mbele nyuma msimu mzima. Nikawa kama mtu anayetwanga, na chombo kikawa kinatwangwa nami. Nilipoacha nikatulia ndipo mwendo ulipopatikana.

MwanaJambiani

Kapera, hujanipinga, umenikamilisha, na ilinipasa niseme mwenyewe. Kama huna nafasi ya kuvuta pumzi moja kamili kati ya wimbi na wimbi, usihangaike nalo. Kaeni pamoja, tulieni, sogeeni mbele kiganja kimoja, legeza demani (kamba ya tanga kubwa) inchi chache ili tanga lipate tumbo na nguvu, na usibishe kwa ukali sana, acha omo ianguke kidogo kutoka kwenye upepo. Chombo chenye mwendo kinapasua vijiwimbi, chombo kilichobana upepo kinagongwa navyo.

Kuegemea mbele na nyuma ni kwa wimbi refu la bahari, lile linalotoka nje ya mwamba. Ndani ya mwamba huku kwetu maji yakiwa yamejaa hupata vijiwimbi kama vya ziwani, na nawaambia wanafunzi wangu vilevile: tulia.

MamaTangaMbili

Mimi ndiye mke mwenyewe, nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Naomba nielezee ile ajali kwa sababu mimi nilikuwa kwenye waya.

Tulikuwa tunatoka Bongoyo, upepo wa ubavu ukielekea nyuma, nimesimama ukingoni mwa mtumbwi na waya umenishika kiunoni. Tulikuwa tunakimbia mno, nilifurahi. Wimbi likatuinua kwa nyuma tukaanza kuteremka nalo. Mbele niliona mgongo wa wimbi jingine, la kijani, limetulia tu. Mtumbwi wa chini ukaingia ndani yake mpaka kwenye boriti ya mbele. Sikuona tena kitu. Nilizunguka na waya kama mlango kwenye bawaba, nikapita mbele ya mlingoti, nikaangukia upande wa pili kwenye tanga. Nina mchubuko wa nyaya mkono mzima. Tangu siku hiyo sipandi waya. Nataka kujua nilikosea nini, na kama ningeweza kuzuia.

MwanaJambiani

Dada yangu, pole. Mchubuko huo naujua, nimeubeba mara nyingi. Na nakujibu wewe kwanza kabla ya mumeo, kwa sababu umeeleza vizuri kuliko mwalimu.

Kosa halikuanza pale omo ilipozama. Lilianza pale chombo kilipoanza kuteremka. Chombo kikiteremka wimbi kinapata mwendo kuliko wimbi lililo mbele yake, kwa hiyo kitalifikia, hakuna hiari. Sekunde mbili au tatu hizo ndizo zenu. Nyote wawili mlitakiwa muwe nyuma tayari, wewe mguu wa nyuma ukiwa karibu na boriti ya nyuma, mumeo nyuma yako akikugusa. Uzito ukiwa nyuma, tezi inakaa chini na omo inainuka, ikifika kwenye mgongo wa kijani inaukwea badala ya kuutoboa. Omo ikishaingia mpaka boriti, kilo 57 zako hazitaitoa. Maji yaliyokaa juu ya mtumbwi yana uzito kuliko wewe.

Miguu yako sasa. Naamini ulisimama miguu pamoja. Chombo kikipunguza mwendo ghafla, mwili wako unaendelea na mwendo ule wa kwanza, na waya unakuzungusha kuelekea mbele. Simama miguu imepanuka kuliko mabega. Mguu wa mbele unyooke na usukume mbele, huo ndio breki yako. Wa nyuma ukunje goti. Mumeo anakaa nyuma yako, mkono mmoja ushike mkanda wako. Huku kwetu mwanafunzi hapandi waya kwenye upepo wa ubavu mpaka mwenzake ajue kumshika mkanda, na hilo halina mjadala kwangu.

TangaMbili, na wewe una sehemu yako. Ukiona mgongo wa wimbi mbele, usilielekezee omo. Geuza kidogo uteremke kwa mshazari, uwe unalifuata wimbi kwa ubavu wake. Na legeza tanga mapema. Ukingoja mpaka uone maji juu ya omo, kamba utakayoilegeza itakusaidia kuogelea tu.

Upepo ukiwa mdogo mambo yanageuka. Asubuhi ya matlai hafifu, nyuma hapafai kabisa. Geuka utazame tezi: ukiona maji yanavurugika na kutoa mapovu nyuma ya mitumbwi, mmekaa nyuma mno na mnaburuta bahari. Songeni mbele mpaka maji yatoke nyuma yametulia kama mafuta.

BintiTudor

Swali kutoka Mombasa. Nataka kuanza mashindano. Kuna mtu aliniambia kusogeza mwili kwenye chombo ni kosa, unaweza kutolewa. Ni kweli?

Mkunazi_Muscat

BintiTudor, nikusaidie hapo. Niko Muscat, familia yetu ni ya Unguja, na nimeshindana miaka kadhaa. Kanuni ya 42 ya mashindano ya matanga ya dunia inakataza kukisukuma chombo kwa mwili: kujirusha mbele ghafla na kusimama ghafla, au kukiyumbisha chombo kushoto kulia mfululizo ili kipige kasia kwa matanga yake. Kuhama mahali ili chombo kikae sawa majini hakukatazwi, ndiyo ubaharia wenyewe. Waamuzi wanaangalia mshtuko. Sogea laini kama anavyoeleza MwanaJambiani hutakuwa na shida.

Na kwa TangaMbili, kilo 145 zenu si ubaya. Mashindano ya Hobie 16 yana kiwango cha chini cha kilo 129 kwa watu wawili, mko juu yake kidogo tu.

Watu wanadhani mambo ya uzito ni ya vyombo vya zamani. Tazameni Nacra 17, katamarani ya Olimpiki tangu 2016, mwanamume na mwanamke pamoja kwenye chombo kimoja. Santiago Lange wa Argentina alishinda dhahabu ya Rio na Cecilia Carranza akiwa na miaka 54, mwaka mmoja baada ya kukatwa sehemu ya pafu kwa saratani. Baadaye chombo hicho kikawekewa mabawa ya chini ya maji, kinapaa juu kabisa ya mawimbi. Mtu angesema mwili haujalishi tena. Kumbe kikipaa ndiyo balaa zaidi, hatua moja mbele kinashuka, hatua moja nyuma kinapaa mno mpaka mabawa yanatoka majini na kinaanguka. Tazama mabaharia wake wakiwa kwenye nyaya. Utadhani ni mtu mmoja mwenye miguu minne.

Mzee_wa_Kilwa

Wanangu, nimesoma yote. Hii Hobie sijaipanda, lakini naijua kwa sababu naijua ngalawa.

Ngalawa ni mtumbwi mmoja na marengu mawili (vielea vya ubavuni), na nguvu yake ni yenu hiyohiyo: upana, si uzito. Upepo ukizidi, kijana anatoka kwenye mtumbwi anakwenda kukaa juu ya mti wa mrengu upande wa joshi, na upepo ukitulia anarudi. Hatungoji nahodha aseme. Lamu kwenye mashindano ya mashua utawaona wametoa ubao nje ya ubavu, vijana wamepangana juu yake miguu inagusa maji, na mifuko ya mchanga chomboni inahamishwa kila wanapogeuza. Marehemu baba yangu alikuwa na neno moja tu akiwa kwenye usukani, "Mbele!" au "Nyuma!", na ukilisikia ulikuwa umeshachelewa, maana mwili ulitakiwa uhame kabla ya neno.

Ninalotaka kuongeza ni mlango. Maji yakipwa yanatoka kwenye mlango wa mwamba kwa nguvu, na kusi linaingia. Vikikutana, wimbi linasimama wima na kuwa fupi. Hapo hata ukae mbele, hata ukae nyuma, chombo chepesi kitateswa. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) ndiyo mbaya zaidi. Subirini maji yajae. Hakuna ujuzi wa kukaa unaozidi ujuzi wa kungoja.

MwanaJambiani

Shikamoo mzee. Hilo la mlango naliunga mkono kwa mikono miwili. Ajali yangu mbaya kuliko zote ilikuwa mlangoni, Julai, maji yanapwa, mimi nikiwa na mgeni aliyetaka kuona nje ya mwamba. Nilijua saa si yake nikakubali. Tulipinduka mara tatu kabla ya kurudi ndani, na ya tatu tulikaa majini karibu nusu saa kwa sababu mgeni alichoka na uzito wangu peke yangu haukutosha kukiinua chombo.

Na hapo ndipo uzito unapokuhusu tena, TangaMbili. Kikilala ubavu, ogeleeni kwanza mkizungushe omo iangalie upepo, legezeni kamba zote za matanga zisibane, halafu wote wawili simameni juu ya mtumbwi wa chini, mshike kamba ya kuinulia, mlale nyuma mpaka migongo iguse maji. Msivute kwa mikono. Laleni tu, mngoje. Upepo ukiingia chini ya tanga, mlingoti unatoka majini wenyewe. Mkeo peke yake na kilo 57 hawezi kukiinua, jueni hilo kabla hamjatoka, na asitoke peke yake na mtoto. Na kamwe msikiache chombo mkaogelea kuelekea nchi kavu.

TangaMbili_Dar

Wakuu, narudisha majibu. Jana tumetoka, kusi la wastani, tulikwenda Mbudya na kurudi.

Kubisha: tulikaa bega kwa bega, mwanzo nilihisi nimebanwa na kijiti cha kana kilinigonga kidevu mara mbili. Baada ya robo saa tukaanza kuegemea pamoja. Mke wangu ndiye aliyekuwa anahesabu, anasema "panda... sasa", na kwenye "sasa" tunakwenda mbele. Kishindo kilipungua mpaka nikageuka kuangalia kama tumepoteza mwendo. Tulichukua saa moja na dakika kumi. Matanga ni yaleyale.

Kwenda na upepo: omo ilizama mara mbili, haikufika boriti. Mara ya pili niliona maji yanakwea juu ya mtumbwi kisha yanateremka pembeni, na chombo kikaendelea. Alikuwa kwenye waya, nimemshika mkanda.

Kilichotushinda ni kugeuza. Katikati ya mawimbi chombo kinafika usawa wa upepo kinasimama, kinaanza kurudi nyuma.

MwanaJambiani

Nimefurahi mno, hasa kusikia amerudi kwenye waya.

Kugeuza: chagua mahali palipotulia baada ya mawimbi makubwa matatu, uanze ukiwa na mwendo. Kabla hujasukuma kana, sogea nyuma nusu hatua ili omo ziinuke na ndizi izunguke kwa urahisi. Mkeo avuke kwanza, wewe usihame mpaka omo ipite upepo. Ikishapita, nyote mbele upesi, upande mpya. Ikisimama na kuanza kurudi nyuma, geuza kana upande wa pili, tanga la mbele liache lishike upepo kwa nyuma, litaisukuma omo izunguke.

Jumapili ni bamvua, maji yatajaa saa kumi jioni. Tokeni saa nane, mfanye mizunguko ishirini ndani ya ghuba, kisha dada aje atuambie.

MamaTangaMbili

Tutatoka saa nane. Na yeye akae mbele, kana nashika mimi.